Kikoa Bila Zamu: Uhakiki wa Istilahi ya Majina ya Intaneti katika Mpaka wa Gisenyi na Goma

Gisenyi na Goma ni miji iliyokaribiana mno, na Kiswahili huvuka mpaka wake kila siku pamoja na wachuuzi. Katika intaneti, hata hivyo, mpaka huo ni dhahiri: anwani za serikali ya Rwanda huishia na gov.rw, na za serikali ya Kongo gouv.cd. Kiingereza huku, Kifaransa kule. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, kimebaki katika istilahi zinazoueleza mfumo, na humo ndimo kasoro ilimo.

Istilahi iliyoenea ni "kikoa". Kwa asili, kula kikoa ni kula shirika, kila mmoja akiandaa chakula kwa zamu yake. Neno ni fupi na la Kiswahili, lakini taswira yake ni ya watu walio sawa. Mfumo wa majina hauendeshwi hivyo. Seva za mzizi hukasimu .rw kwa seva zilizoteuliwa na msimamizi wake. Hizo nazo hukasimu majina yaliyo chini yake. Swali la mtumiaji hufuata ngazi hizo mpaka kwenye seva yenye jibu. Hapana zamu, pana mamlaka yanayoshuka, na aliye juu aweza kuyahamisha.

Tofauti hii si ya wanaleksikografia pekee. Usimamizi wa .rw ulikuwa nje ya nchi hadi ulipokabidhiwa RICTA mwaka 2012. Ng'ambo ya mpaka, Zaire ilipobadili jina mwaka 1997, .cd ilianzishwa; .zr ikafutwa mwaka 2001. Taswira ya chakula cha shirika haielezi lolote kati ya hayo.

Yawezekana kujibiwa kwamba neno likishazoeleka, asili yake husahaulika. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo kikoa hakina haja ya kuachwa. Kinachohitajika ni kamusi na sera kukifafanua pamoja na "kukasimu", kitenzi ambacho lugha ya utawala inacho tayari. Mshauri wa sera wa Rubavu anayesoma kwamba taasisi fulani "inamiliki kikoa" ataweza hapo kuuliza linalostahili kuulizwa: kimekasimiwa na nani, na seva zake zi mikononi mwa nani?