Machela, Garimoshi na Mtoto wa Tukuyu

Makumbusho ya usafiri, kama yalivyo maandishi yoyote, yana mtungaji wake. Yako mambo aliyoyachagua kuyaonyesha, na yako mengine aliyoyanyamazia. Kwa sababu hiyo yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au tamthilia: tuulize yanasema nini, yanamsemea nani, na msikilizaji wake ni nani. Katika insha hii tunakusudia kuyapima makumbusho ya namna hiyo kwa jicho la mtoto wa shule anayetoka Tukuyu, wilayani Rungwe. Yeye ni sehemu ya taifa ambalo urithi huo unadaiwa kuwa wake.

Tumewahi kufuatana na darasa moja katika ziara ya makumbusho. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, aliwaagiza wanafunzi wanakili maandishi ya vibao vyote, kisha akawakataza kugusa chochote. Watoto walipofika mbele ya machela, yaani kile kitanda cha kuning'inizwa juu ya mti ambacho wakubwa wa kikoloni walibebwa nacho mabegani mwa watu, walinakili kwamba kilitumika zamani kwa safari. Ndipo msichana mmoja akauliza, “Waliokibeba walikuwa wangapi, na walipochoka walifanyaje?” Kibao hakikuwa na jibu. Mwalimu naye hakuwa nalo. Swali lile lilipita, darasa likasonga mbele. Lakini sisi tunaamini kwamba ndilo lililokuwa somo la siku ile, na lilipotea.

Tuanze na makumbusho yanayojulikana zaidi ya aina hii katika Afrika Mashariki, yale ya reli huko Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati reli zilipokuwa bado mali ya pamoja ya nchi zetu tatu. Mlezi wake wa kwanza alikuwa Fred Jordan, mtumishi wa reli tangu mwaka 1927. Sifa zake ni nyingi. Mtoto aliyesoma juu ya nguvu za mvuke katika kitabu tu huweza kusimama chini ya magurudumu yanayompita kimo, akaelewa kwa mara moja jambo ambalo ubao na chaki havikuweza kumwelewesha. Shirika lililokuwa likiendesha reli hizo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, lakini vyombo vilivyokusanywa havikutawanyika vyote. Hilo peke yake ni jambo la kushukuriwa.

Humo limo garimoshi kubwa la Garratt liitwalo Gelai. Lilikuwa moja kati ya 34 ya aina yake, yaliyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mtoto wa Tukuyu apaswa kujua kwamba miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la Rungwe. Mlima anaouona kila asubuhi mawingu yanapoachana uliandikwa ubavuni mwa chombo kilichovuta mizigo katika njia ya Mombasa na Nairobi, mbali na migomba ya kwao. Gelai limehifadhiwa, Rungwe halimo katika yaliyohifadhiwa. Hapa pana fundisho la kwanza: jina peke yake si kumbukumbu. Wakoloni waliweza kuliazima jina la mlima wetu bila ya kuwajua watu wake, na chombo kilipochakaa, jina nalo likaenda na chuma.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Katika makumbusho hayo limo pia behewa ambamo mkuu wa polisi Charles Ryall alikamatwa na simba, mwaka 1900, katika stesheni ya Kima. Kisa hiki hupendwa sana na watoto, na hatuna nia ya kuwanyima. Lakini mhakiki hana budi kuweka mizani. Reli ile iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa na watu zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, pamoja na Waafrika. Na katika Wahindi hao wapatao 2,500 walifariki. Kifo cha mtu mmoja kina behewa lake na jina lake. Vifo 2,500 vina tarakimu. Si kosa la mtunzaji mmoja wala la nyumba moja. Ni udhaifu wa makumbusho ya vyombo popote duniani: chuma husalia, bega lililokibeba huoza. Kama hatuweki juhudi za makusudi, vitu vitasema na watu watanyamaza.

Sasa turudi Rungwe. Wako watakaosema kwamba wilaya hii haina reli, kwa hiyo haina historia ya usafiri. La hasha! Meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, iliyoanza kazi katika Ziwa Nyasa mwaka 1893, ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire. Na palipokuwa na maporomoko, mizigo ilipitishwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia na kuilemaza huko Liuli, ikiwa imepandishwa ufukoni. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaiteka Tukuyu, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Nyuma ya kila askari katika vita vile walikuwapo wapagazi, waliobeba unga, risasi na majeruhi. Jina la kikosi chao cha Kiingereza, likitamkwa kwa ndimi zetu, limetuachia Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu hununua nyanya pale kila siku bila ya kujua kwamba wanalitaja jeshi la wabebaji.

Isitoshe, lugha ya barabara yenyewe ni hazina. Tunasema utingo, tunasema taniboi, tunasema behewa na stesheni. Kila neno lina safari yake. Barabara itokayo Mbeya kupitia Tukuyu hadi Kyela na mpaka wa Malawi imebeba kahawa, chai, mchele na ndizi, na vilevile vijana waliokwenda kutafuta kazi za migodi kusini. Daraja la Mungu, lililofanywa na mtiririko wa volkeno juu ya mto Kiwira, lilikuwa njia ya kuvukia kabla ya mhandisi yeyote kupima mahali pale.

Na reli si ngeni kwetu. TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, na inapita Mbeya, mwendo wa kilometa kama 70 tu kutoka Tukuyu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kazi ilipoanza, sasa amepita 70. Huyu ndiye makumbusho yanayotembea, na hayatatungoja. Tukiendelea kusubiri jengo la ghorofa na bajeti yake, tutapata jengo na kukosa mtu wa kutueleza vitu vilivyomo.

Hapo ndipo umuhimu wa kujitolea unapodhihirika. Mwaka 1951, huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa kubebea mawe ya kuezekea, ilinusurika kwa sababu watu wa kawaida waliamua kuiendesha bila ya mshahara. Kwetu kujitolea si jambo la kuigwa kutoka ng'ambo. Madarasa mangapi yamejengwa kwa mikono ya wazazi? Kinachotakiwa ni kuuelekeza moyo uleule katika kumbukumbu. Chumba kimoja cha shule chatosha kwa kuanzia: baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, taa ya stesheni, tiketi, picha, na juu ya yote daftari la maelezo ya wazee.

Hata hivyo tusiyasifu makumbusho ya kujitolea kupita kiasi. Mara nyingi huishi kadiri anavyoishi mwanzilishi wake. Akifariki, ufunguo hupotea, na vitu huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aidha, mzee anayejitolea huweza kusimulia anayoyapenda na kuyaruka yaliyomwaibisha. Kwa hiyo yapaswa kuwapo orodha iliyoandikwa, kamati badala ya mtu mmoja, na uhusiano na Makumbusho ya Taifa. Masimulizi nayo yalinganishwe, la mzee huyu na la yule, la dereva na la mama aliyesafiri juu ya mizigo.

Kwa walimu tunapendekeza jambo moja jepesi. Mnapowapeleka watoto mahali popote palipo na chombo cha zamani, wasianze kwa kunakili kibao. Waulize maswali matatu: nani alikitengeneza, nani alikipanda, na nani alikibeba au kukisukuma? Jibu la tatu likikosekana, basi hiyo ndiyo kazi ya nyumbani, na mahali pa kulitafuta ni kwa babu na bibi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Yule msichana wa machela alikwisha kuinama. Hakuuliza habari za aliyelala juu. Aliuliza habari za waliokuwa chini. Siku makumbusho yetu yatakapoweza kumjibu, kwa idadi, kwa majina na kwa sauti za watu, ndipo tutakapoweza kusema kwa haki kwamba ni makumbusho ya taifa.