Iterbiamu iliingiaje ndani ya kinywe?

Ukiandika kwa penseli, alama inayobaki karatasini ni matabaka ya kinywe yaliyochubuka. Ndani ya tabaka moja, atomu za kaboni zimeshikana barabara. Kati ya tabaka na tabaka mshiko ni hafifu, na umbali ni nanomita 0.335 tu. Humo ndimo wakemia wa Nancy, Ufaransa, walimopenyeza samariamu, yuropiamu na iterbiamu, wakachapisha matokeo mwaka 1980.

Uchaguzi wao haukuwa wa kubahatisha. Katika jamii nzima ya metali adimu, hizo tatu ndizo zinazogeuka mvuke kwa wepesi zaidi, na mvuke ndio uliotumwa kuingia. Kazi ngumu ilikuwa kupima moto. Ukiupunguza, atomu hazisogei. Ukiuzidisha, metali huyala matabaka yenyewe na kuzaa kabaidi, na hapo sampuli imekwisha. Halafu mvuke hautoboi tabaka la kaboni: huingilia ukingoni na kutambaa polepole kuelekea katikati, na mara nyingi huishia karibu na uso tu.

Iterbiamu ikiingia sawasawa, kila atomu yake husimama kwa atomu sita za kaboni, na pengo hufunguka hadi nanomita 0.457. Metali huipa kaboni elektroni. Kloraidi za metali hizohizo hufanya kinyume: hupashwa moto na kinywe ndani ya mrija uliozibwa wenye gesi ya klorini, na safari hii kaboni ndiyo inayonyang'anywa.

Mwaka 2005 watafiti wa London na Cambridge walipoza kinywe chenye iterbiamu, wakakuta kwamba kwenye kelvini 6.5 kinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Chenye kalsiamu kilifika 11.5. Sifa nyingi zilikwenda huko, na ni haki yao.

Lakini mvuke ulikuwa bado haujashika sampuli nzima. Wafaransa ndio waliopata njia: walizamisha kinywe kwa siku kadhaa katika aloi iliyoyeyushwa ya lithiamu na kalsiamu. Lithiamu, ndogo na nyepesi kupenya, hutangulia na kuyatanua matabaka. Kalsiamu hufuata na kuitoa lithiamu nje. Baadaye yuropiamu nayo iliingizwa hivyohivyo. Kwangu mimi, aloi hiyo ina uzito kuliko rekodi yoyote ya baridi.