Akili wa Chini ya Mlima

Akili and Me, katuni ya watoto wadogo iliyoanza mwaka 2016, ni kazi ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lakini mhusika wake mkuu ni wa huku kaskazini: Akili, binti wa miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Kilimanjaro, na kila akilala huingia nchi ya ndoto kucheza na wanyama. Mtoto wa Tengeru au Usa River, anayeamka akiuona Meru, hahitaji kuelezwa mlima ni nini. Hapo ndipo penye ubora wa katuni hii. Herufi, hesabu na nyimbo humfikia kwa Kiswahili, katika mazingira anayoyatambua, hivyo nguvu zake zote hubaki kwa somo lenyewe. Wala sisifu kwa mapenzi tu: utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018 ulionyesha kuwa watoto waliokitazama kipindi hiki waliwapita wenzao waliotazama katuni nyingine katika kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu.

Wapo wanaosema mtoto anahitaji udongo, kamba na bibi wa kumsimulia hadithi, si runinga. Ni kweli anavihitaji, na hakuna katuni inayoweza kushika nafasi ya bibi. Lakini katika nyumba nyingi za Sakina au Njiro runinga tayari imewashwa. Linalobaki ni kuamua mtoto aone nini. Mzazi, mchagulie Akili, kisha keti uimbe naye.