Sifa Apewe Mpishi wa Mchaichai

Mchaichai sokoni upo, umepangwa mafungu kando ya tangawizi, lakini nyumba nyingi za Tanga, Unguja na Pemba ziliupata kwa kuomba shina kwa jirani. Ni mmea unaotoa maua kwa nadra mno, kwa hiyo hakuna anayengoja mbegu. Hung'olewa chipukizi lenye mizizi, likachomekwa karibu na bomba au pale yanapopita maji ya kuoga, na mvua zikishapita limekuwa kichaka cha kuchana watoto vidole. Kichaka chako ni kipande cha kichaka cha jirani, nacho ni kipande cha kile cha aliyemgawia yeye.

Sifa zake tunazijua sote. Mwenye mawazo, aliyekosa usingizi, aliyetoka kugombana na mumewe, mfiwa aliyechoka kupokea mikono ya pole, wote huambiwa: kunywa chai ya mchaichai, moyo utatulia. Sina ugomvi na ushauri huo. Ugomvi wangu ni juu ya mgawo wa sifa, maana zote huliendea jani, na aliyelipika hatajwi.

Mtazame basi akiwa kazini. Baada ya alasiri anashika kisu, anakata majani ya nje karibu na shina, kile kitovu cheupe anakiacha kichipue. Anaosha vumbi, anaondoa ncha zilizokauka, anayakunja majani mara tatu na kuyafikicha kidogo kwa viganja mpaka harufu itoke. Kisha anachukua jani moja refu, anazungushia mengine na kulipitisha ndani, fundo limekaza. Fundo hilo lina kazi. Majani hayatawanyiki, hayachungulii nje ya sufuria, na saa ya kuyatoa anayavuta yote mara moja kwa uma.

Maji yanatangulia kuchemka, ndipo fundo linaingia. Moto unapunguzwa papo hapo na mfuniko unarudi mahali pake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ile harufu ya ndimu inatokana na sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, nayo hupanda na mvuke. Jiko likinukia nyumba nzima, kikombe kimeibiwa. Mpishi wetu huenda hajawahi kulisikia jina la sitrali, lakini ukifunua sufuria yake kuchungulia utasikia maneno. Anaitua, anaiacha kimya kama dakika kumi, halafu anamimina kwenye birika maji ya njano hafifu yenye kijani kwa mbali. Yakiwa ya kahawia, ujue yamepitiliza.

Kuhusu viungo nina msimamo, na najua wa kunipinga ni wengi. Punje moja ya iliki iliyopondwa, sawa. Karafuu mbili, basi, hata kama uko Pemba na zimeanikwa mbele ya mlango wako. Tangawizi siitaki kabisa humu, kwa sababu ikiingia inatawala, na kama ni tangawizi unayoitaka, pika ya tangawizi. Sukari kidogo. Majani ya chai yabaki kwenye kopo lake, hasa usiku. Mchaichai hauna kafeini, majani ya chai yanayo, na anayeyatia kwa ajili ya rangi saa tatu usiku asimtafute mchawi akiona usingizi haumjii.

Je, jani lenyewe linatuliza? Brazil nao wana imani kama yetu, huupika mchaichai kwa ajili ya wasiwasi na matatizo ya tumbo. Mwaka 1986 watafiti wa huko walichapisha majaribio yao. Watu 50 walipewa mchaichai na kitu kingine cha kulinganisha bila kujua kipi ni kipi, na usingizi haukuonyesha tofauti. Watu 18 wenye tabia ya wasiwasi mwingi walifanyiwa jaribio la kuwatia wasiwasi, na mchaichai haukuwapunguzia kitu. Habari hii haikunihuzunisha hata kidogo. Walichopima ni jani. Hawakumpima mama anayekuletea kikombe mkekani, akasema “ngoja ipoe kidogo mwanangu”, akakaa pembeni akichambua mchele bila kukuuliza kilichokusibu, mpaka wewe mwenyewe ukaanza kusema. Kujua nani aongezewe kikombe, nani aachwe na kimya chake, nani atolewe watoto miguuni, huo nao ni ufundi, na mpishi wa mchaichai anao.

Tena, majaribio yale hayakuona dalili za sumu, na udhaifu wa jani hili ndio unaoliruhusu liingie sufuriani kila jioni. Ulaya upo mmea wa haiperiko, ambao Ujerumani madaktari huuandika kwa sonona isiyo kali. Huo una nguvu kweli, na kwa nguvu hizohizo unapunguza kazi ya dawa nyingine, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Hata rozela yetu nyekundu hushusha presha kiasi, na anayemeza vidonge vya presha amwambie daktari kabla ya kuifanya kinywaji chake cha kila siku.

Mpishi hodari anajua pia mpaka wa birika lake. Mtu akipitisha majuma mawili hali, halali, hacheki, anasema hakuna maana ya kuamka, huyo hapewi kikombe cha tatu. Anavalishwa viatu na kupelekwa hospitali, na mama yuleyule ndiye anayetangulia kusimamisha bajaji.

Siku hizi madukani kuna mchaichai mkavu wa vipakiti, wa kutumbukiza kikombeni. Kwa aliye hosteli au ughaibuni si haba, ingawa harufu nyingi imeshaondoka njiani. Kinachonishinda ni ubahili wa fundo. Fundo lililochemka mara moja hutupwa shinani mwa mgomba. Anayelirudisha motoni ili apate birika la pili anapata maji ya nyasi, na wageni wake wataaga mapema.