Kidole Kwenye Ufizi

Hakuna jino linalotoka mbali kama chonge ya juu. Huanza kuumbika ndani ya taya mtoto akiwa bado mchanga, juu kabisa, karibu na tundu la jicho, kisha huteremka kwa miaka mingi. Kati ya umri wa miaka 5 na 15 husogea kiasi cha milimita 22. Ikifika, majirani zake wameshaota na nafasi imebaki finyu. Kwa hiyo si ajabu ikapotea njia. Katika kila watu 100, mmoja au wawili wana chonge ya juu iliyokwama mfupani, mara nyingi upande wa kaakaa, na wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, imehifadhi chonge iliyokatizwa njiani. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na ufukuaji ukatoa sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Chonge zake za juu zilikuwa hazijamaliza kuteremka. Meno hayo ndiyo yaliyowasaidia wataalamu kukadiria umri wake. Ukimlinganisha na watoto wa leo, alikuwa na miaka 11 hivi. Ukihesabu mistari midogo iliyomo ndani ya jino, hakuzidi sana miaka 8. Kimeu alikuwa na jicho la kutambua mfupa kati ya changarawe zinazofanana nao. Fundi ninayemsifu hapa ana kipaji kama hicho, ila chake kiko kidoleni.

Huyo ni afisa wa afya ya kinywa. Mtoto wa miaka 9 au 10 hukalishwa mbele yake, mdomo wa juu ukainuliwa, na kidole cha shahada kikapita taratibu juu ya chonge ya utoto, pale ufizi unapokutana na shavu. Anatafuta kivimbe kidogo, kigumu. Akikipata kulia, anahamia kushoto, kwa sababu pande mbili zikitofautiana hapo ndipo habari ilipo. Halafu anapapasa kaakaa. Anatikisa jino la utoto aone kama limelegea. Anatazama jino la mbele lililo jirani, kama limeegemea upande usio wake. Mfugaji hupapasa tumbo la mbuzi namna hiyohiyo akitaka kujua kama ana mimba: hatumii nguvu, hana haraka, na mkono wake unajua unachotafuta.

Kazi hiyo haihitaji umeme. Inaweza kufanyika Kalemng'orok, kando ya barabara ya Kitale kwenda Lodwar, chini ya mgunga wa shule. Kivimbe kisipopatikana ndipo eksirei inapohitajika, na hapo pia pana ufundi wa kupendeza: picha mbili hupigwa, ya pili mashine ikiwa imesogezwa kando kidogo. Jino lililofichika likionekana kufuata upande ilikosogezwa mashine, liko kwenye kaakaa. Likienda kinyume, liko upande wa mdomo. Kanuni hiyo ina zaidi ya miaka 100 na bado inatumika.

Kwa nini kuwahi? Mwaka 1988 Waswidi wawili, Sune Ericson na Jüri Kurol, walitoa matokeo ya chonge 46 zilizokuwa zikielekea kwenye kaakaa, kwa watoto wa miaka 10 hadi 13. Waling'oa jino la utoto tu, wakasubiri. Chonge 36 zilirudi kwenye njia yake zenyewe. Kung'oa jino la utoto ni kazi ya dakika chache.

Ukichelewa, inabidi upasuaji. Ganzi huchomwa, ufizi hufunuliwa, mfupa huondolewa kidogokidogo hadi weupe wa jino uonekane. Weupe huo hukaushwa vizuri, maana tone moja la damu likigusa gundi kazi imeharibika. Hubandikwa kifungo chenye mkufu mwembamba, mara nyingi wa dhahabu, unaounganishwa na waya za meno. Kisha jino huvutwa kwa nguvu ndogo mno, gramu 60 hivi, kwa miezi mingi, kwani pupa huumiza mizizi. Nawaheshimu sana mabingwa hao. Lakini wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa, na waya hutaka kukazwa kila baada ya wiki kadhaa. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 700 kwenda tu.

Kidole lazima kiandamane na sikio. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapohapo Turkana, iliyofunguliwa 1992, ina watu wa mataifa mengi, na pengo huwa na historia. Waturkana wengi wa zamani waling'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila. Wadinka na Wanuer waling'olewa mengi zaidi, pengine hata chonge. Tena kuna lile jambo ambalo Tanzania huitwa meno ya plastiki: mtoto mchanga akiharisha au akiwa na homa, vijino vya chonge vilivyo bado ndani ya ufizi huchokolewa kwa chuma. Wazazi hutaka apone. Wanachompa ni maumivu, hatari ya pepopunda, na chonge za kudumu zilizoharibika, zilizopinda au zisizoota kamwe. Desturi hiyo haitibu chochote na inapaswa kukomeshwa. Afisa mzuri huuliza kwa upole kabla ya kuamua kwamba jino limejificha.

Basi mzazi, mwanao akitimiza miaka 10, mpeleke kliniki ya meno hata kama halalamiki maumivu. Mwombe afisa apapase ufizi juu ya chonge za utoto, pande zote mbili.