Mohamed Amin: Picha Yake na Maneno ya Mwingine

Aghalabu Mohamed Amin (1943-1996) hutajwa kwa kazi moja tu, yaani filamu ya njaa aliyoipiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Filamu hiyo ilionyeshwa na BBC ikiandamana na maelezo ya Michael Buerk, aliyeifananisha njaa hiyo na zile za Biblia. Hapo ndipo penye utata. Kamera yaonyesha alfajiri, ukungu na maiti zilizoviringishwa. Haionyeshi, wala haingeweza, vita vya kaskazini baina ya serikali ya Mengistu na waasi. Pengo hilo lilipaswa kuzibwa na maneno. Badala yake, maneno yaliigeuza njaa ya kisiasa kuwa majaaliwa.

Hali ilikuwa tofauti Julai 1969, Amin alipopiga picha za Tom Mboya baada ya kupigwa risasi jijini Nairobi. Mtazamaji wa Kenya hakuhitaji msimulizi: aliyelala pale ana jina, mtaa una jina, na uvumi wa sababu ulikwisha enea kabla filamu haijasafishwa. Wa Korem hawana majina. Wahakiki wanaomlaumu mpiga picha kwa hilo (nao si haba) husahau kuwa mzaliwa huyu wa Nairobi, aliyekulia Dar es Salaam na kufungwa Zanzibar mwaka 1966, alizijua vyema siasa za eneo hili. Maelezo hakuyaandika yeye. Filamu ya Korem ikitazamwa bila sauti, Biblia hutoweka. Hubaki mama na mtoto wake mchanga ndani ya sanda moja.