Kicheko cha Aliyeachwa: Mzaha wa Uchumba katika Nyimbo za Bungoma na Kitale

Uhakiki wa nyimbo za magharibi ya Kenya umeelekea zaidi kwenye nyimbo za jando na za kuwasifu mashujaa. Nyimbo za mzaha juu ya uchumba zimeachwa kando, kana kwamba ni porojo za ulevini. Hilo ni kosa, kwa kuwa mzaha huo ni hukumu.

Huko Bungoma wimbo wa aina hii huambatana na litungu, ala ya nyuzi saba ya Wabukusu. Mwimbaji hueleza masaibu ya kijana aliyekataliwa, wenzake huitikia, na wachezaji hutikisa mabega kwa mtindo wa kamabeka. Kichekesho hakimo katika maneno pekee. Mwimbaji analalamika, kiitikio kinamsuta, na mabega yanashangilia. Katika mgongano huo jamii inatamka kwamba mposaji ajisifuye kwa ng'ombe asio nao amejitakia aibu. Msichana haimbi, lakini kiitikio kinamtetea.

Ubunifu huu si wa Wabukusu peke yao. Mwaka 1867 George Leybourne wa Uingereza aliutoa wimbo wa “The Daring Young Man on the Flying Trapeze”, juu ya mwanamume aliyenyang'anywa mpenzi na mwanasarakasi. Beti zinaomboleza, ilhali kiitikio kinausifu wepesi wa yule mnyang'anyi. Hadhira inayokiimba inajikuta ikimshangilia adui wa msimulizi.

Kitale ilileta mazingira mengine. Reli ilifika huko mwaka 1926, na mashamba ya mahindi ya walowezi yakakusanya vibarua wa makabila mengi. Mbele ya hadhira mchanganyiko, Kiswahili kilifaa kuliko Lubukusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili gitaa lilienea, na ukashamiri mtindo wa omutibo, uliovumishwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Chupa ya Fanta iligongwa kushika mapigo.

Katika nyimbo za gitaa, mara nyingi mpenzi humwelekea mwanamke moja kwa moja, akiahidi au akilaumu. Mshahara huchukua nafasi ya ng'ombe, na sauti ya ukoo hufifia. Basi si haki kuzipima nyimbo hizi kama tafsiri dhaifu za zile za litungu, maana zimezaliwa na uhusiano mwingine wa kijamii. Hata hivyo, pale ambapo hakuna sauti ya kumpinga mlalamikaji, mzaha hugeuka malalamiko matupu, na lawama yote humwangukia mwanamke.

Jambo hili linawahusu pia wakusanyaji. Anayenakili beti na kuacha kiitikio na uchezaji huhifadhi kilio na kutupa kicheko. Msomaji wa maandishi hayo ataamini kwamba jamii ilimhukumu msichana, ilhali aliyehukumiwa ni mposaji.